Rangi Isiyonuka

Huku kwetu Mayo, magharibi mwa Ayalandi, nyumba hupakwa rangi kwa mambo matatu tu: padri akija kusoma misa nyumbani kwenu, harusi, au msiba. Anayepaka bila sababu huonekana ana majivuno, na sisi akina Gaughan hatujawahi kuwa na ubavu huo.

Basi mwezi wa pili mwaka ule, daktari aliponivuta mlangoni na kuninong'oneza kwamba mama hatamaliza wiki tatu, nilirudi ndani nikaitazama rafu ya mbao iliyo juu ya meko. Ilikuwa imepiga weusi wa moshi, na rangi yake ya zamani imepasukapasuka. Maiti kwetu hulazwa sebuleni usiku mbili, karibu na meko, na kijiji kizima hupita na vikombe vya chai mkononi huku macho yakikagua nyumba. Nilijisemea mama yangu hatalala mbele ya uchafu ule nikiwa hai.

Shida ni kwamba mama mwenyewe hakuwa anajua. Mimi na kaka yangu Malachy tulikubaliana kumwambia ni kifua tu, baridi ikipungua kitapona. Chumba chake kiko ukuta mmoja na sebule. Harufu ya rangi ingemwambia yale tuliyoshindwa kumwambia kwa midomo yetu.

Nikaenda dukani kwa Festus.

"Ya kupaka rafu ya meko? Chukua ya mafuta," alisema. "Penye moto hakuna nyingine, dada."

"Nataka isiyonuka."

"Isiyonuka ni maji ya kisima, Attracta."

"Festus, sina muda wa mzaha."

"Haya, iko ya maji, ya ukutani. Lakini ukiipaka juu ya mafuta ya zamani, na moto unawaka chini yake, itabanduka kama ganda la kiazi. Sasa kwa nini ujitese hivyo? Unamficha nani?"

Nikaanza kuhesabu pesa. Alinitazama kidogo, kisha akavua kofia yake akaiweka juu ya kaunta. Akanifungia kopo la rangi ya maji na hakunitania tena.

Nilipaka mama akiwa amelala, blanketi nimelisokomeza chini ya mlango wake. Ilitoka nyeupe, nzuri, hata nikajisifu. Siku ya tatu ikaanza kuvimba malengelenge, na Jumapili ikawa inaning'inia vipande vipande. Festus alisema kweli. Nikachukua kisu, nikaanza kukwangua polepole.

"Attracta! Nani anakwangua huko?"

"Panya, mama."

"Panya wa siku hizi wana visu? Hebu njoo hapa."

Nikaingia. Vumbi jeupe lilikuwa limenijaa kwenye mikono ya sweta. Aliliangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Padri anatuletea misa?"

"Hapana, mama."

"Malachy anaoa?"

Malachy ana miaka arobaini na tisa na hajawahi kumshika mwanamke mkono ila kumsaidia kuvuka matope. Sote wawili tulicheka, na mama akakohoa sana, nikamshika mgongo mpaka akatulia. Alipopata pumzi hakuwa anacheka tena.

"Basi ni mimi," akasema.

 Nilikaa kitandani nikaitikia kwa kichwa.

"Tangu Krismasi najua," akasema. "Nilikuwa naogopa kuwaambia. Nilisema hawa watoto wataumia." Akanipangusa vumbi kwenye sweta. "Na rangi isiyonuka ni ya maji tu; umeipaka ya nini? Baba yako angekucheka. Kesho nenda kachukue ya mafuta."

"Itanuka, mama."

"Acha inuke. Nimenusa mengi."

Kesho yake nilileta kadi yenye sampuli za rangi kutoka kwa Festus. Mama aliegemea mito, akavaa miwani, akaanza kuzipitia moja moja, mkali kama mtu anayenunua ng'ombe. Nyeupe ilikuwa ya hospitali. Kahawia ilikuwa ya mapadri. Alikawia kwenye kijani kimoja kilichofifia, kisha akawa hana uhakika.

"Mtanilaza upande gani?"

"Chini ya dirisha, mama. Miguu ikielekea meko."

"Nitakuwa nimefumba macho," alisema, kama anayepiga hesabu. "Na wewe utakaa wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. "Kwenye kiti chako," nikasema. "Kando yako."

"Na baada ya watu kuondoka?"

"Papo hapo, mama. Niende wapi?"

Akavua miwani, akanikabidhi ile kadi.

"Basi chagua wewe, mwanangu. Wewe ndiye utakayeitazama."

Niliishika kadi nikalia mbele yake, mara ya kwanza tangu daktari aje, naye akaniacha nilie.