Amina ya Mwenyekiti

"Tuamue basi, Mzee, mvua inakuja," alisema Virginia, mweka hazina, akichungulia mlangoni mwa behewa bovu walimofanyia mikutano.

Mabonga alijipangusa grisi vidoleni. Alikuwa amechoka, uchovu ule usioondoka kwa usingizi. Tangu astaafu ufundi wa reli, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kutunza injini kuukuu ya mvuke iliyoachwa kando ya stesheni ya Eldoret, na kumbe uwenyekiti wenyewe ulikuwa kuombaomba: bati, grisi, rangi. Watu walimpa ahadi, na ahadi haiezeki paa.

Sasa Gikonyo, mwenye hoteli mjini, alikuwa tayari kuiezekea injini paa. Sharti lake lilikuwa moja tu: atoboe tanuri la injini, aligeuze jiko la nyama choma.

"Ikitobolewa haitawahi washwa tena," Mabonga alisema.

"Na ikikosa paa, si itaoza?" aliuliza Nanzala, mjane wa dereva wa treni. "Mimi nimechoka kuomba, Mzee. Watu wakiniona sokoni wanahepa."

Kura ziligawanyika sawasawa. Iliyobaki ilikuwa ya mwenyekiti. Mabonga akakohoa, akasema wataendelea mwezi ujao. Asipokubali yeye, tanuri litabaki zima. Akamwomba Virginia afunge kwa maombi.

Virginia alifumba macho. Akaombea wagonjwa, akaombea wasafiri. "Na Baba, tunakushukuru kwa hiyo paa umetupatia kupitia mkono wa ndugu yetu Gikonyo. Tumeipokea. Na wote tuseme..."

"Amina!"

Sauti ya Mabonga ndiyo iliyovuma kuliko zote, kama ilivyozoea kuvuma kanisani kila Jumapili.

Watu walifumbua macho, wakatazamana.

"Kwa hivyo imepita?" Nanzala akauliza.

Virginia aliona haya. "Mwenyekiti, sikutaka kukutega. Hiyo ni maombi tu, si kura. Unaweza kataa."

"Nikatae aje, mama? Nimwambie Mungu nilikuwa natania?"

Kwa uchungu akatangaza kwamba imepita. Na nyuma ya uchungu, Mungu amsamehe, alihisi nafuu kidogo, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Wiki iliyofuata fundi wa Gikonyo alifika na mashine ya kukatia chuma. Ngazi yake ikawa inayumba juu ya kokoto za reli.

"Mzee, hebu nishikie hapo."

Mabonga aliishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, cheche zikimwangukia mabegani.