Mbwa wa Kuhesabu Watu

"Ni mbwa gani huyu anauma wenye nyumba na kuacha wezi?"

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi ya Makokha alipofika Kibomet Jumamosi ile kutoka Bungoma. Hakuuliza hali, hakusema hodi. Macho yalienda moja kwa moja kwa bandeji iliyofungwa kwenye mguu wa baba yake. Edah, dada yake Makokha, alikuwa amekaa kwa cherehani na sare ya shule mapajani. Angesema nini? Mbwa ni wake, mguu ni wa baba yake, na damu ilikuwa imetoka kwelikweli. Daktari alikuwa ameshadunga Mzee sindano, na mbwa mwenyewe alikuwa amechanjwa, lakini nani angemweleza Makokha hayo akiwa amekunja ndita namna ile?

Na huyo mbwa mwenyewe ungemwona ungecheka. Masikio makubwa yamesimama wima, mwili mrefu, halafu miguu mifupi mpaka tumbo linafagia nyasi. Jina lake Tofi. Aliachwa na mama mmoja Mzungu, mtafiti wa mbegu hapo Kitale, aliyekuwa mteja wa Edah. Siku ya kurudi kwao alimletea fundi wake mbwa na kumwambia maneno machache tu: "Huyu ni kogi. Kwao ni mbwa wa kuswaga ng'ombe. Mpe kazi."

Kazi! Edah alicheka mpaka akashika mbavu. Ng'ombe angewatoa wapi, na kiwanja chake chote ni nyumba, mparachichi mmoja na kuku wachache? Basi Tofi alipoona hapewi kazi, akajitafutia. Aliwakusanya kuku kwenye kona ya tangi la maji na kuwalinda mpaka wakaacha kutaga. Watoto wakija kupimwa sare, aliwazunguka mpaka wakasimama pamoja kama wako gwaride, na aliyejitenga alidonolewa kisigino. Pikipiki ikipita alibweka, sufuria ikifunikwa alibweka. Manyoya yake yalijaa kila kitambaa, wateja wakanuna. Hata Edah akienda chooni alifuatwa, akangojewa mlangoni kama mfungwa.

Haya yote Edah aliyavumilia. La mguu wa baba ndilo lililomshinda.

Mzee Wekoye alikuwa mchuuzi wa ng'ombe enzi zake. Alitembea nao kwa miguu kutoka soko hadi soko, Myanga yote ikimjua. Sasa akili ilikuwa imeanza kumponyoka. Kila siku, jua likipanda, alichukua fimbo yake akatafuta geti. Anaenda Myanga, alisema, ng'ombe hawajanywa maji. Ng'ombe wenyewe waliuzwa zamani, mkewe akiwa bado hai. Na huyo mkewe, mama yao, kabla hajafa alimshika Edah mkono akamwambia, "Usikubali wamfungie mahali." Neno hilo Edah alilibeba kifuani.

Makokha naye alikuwa na mpango wake. Nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi kule Bungoma kulikuwa na chumba. "Kina mlango mzuri wa chuma," aliwahi kusema, na Edah akaelewa mara moja huo uzuri wa mlango ni wa nini.

"Edah, nimechoka," Makokha alisema sasa. "Mwezi jana ameanguka. Wiki hii ameumwa na mbwa, tena mbwa yenu wenyewe. Kitu kimoja tu kikitokea tena, namchukua. Siulizi mtu."

"Wewe broka umerudi?" Mzee alimuuliza kutoka kwa kiti chake. "Sikuuzii ile ya madoadoa. Nilishakataa."

Makokha aligeuza uso. Baba yake alikuwa hamtambui tangu Pasaka.

"Na hii mbwa ifungwe," alisema. "Mbwa inafungwa mchana, inafunguliwa usiku. Si ndio tumezoea? Sasa hii yenu inarandaranda mchana kama mtu wa ofisi."

Na hapo Edah hakubisha. Kweli, Myanga walikolelewa, hapakuwa na mbwa wa kutembea mchana. Mbwa ni wa usiku. Ni yeye mwenyewe aliyeutoa mnyororo stoo, akamfunga Tofi kwa mparachichi nyuma ya nyumba, na akaona amefanya jambo la maana.

Tofi alipiga kelele. Si kubweka kwa kawaida, ni kulia kwa hasira, akivuta mnyororo kuelekea upande wa geti mpaka sauti ikakauka. Walikula ugali na kelele hizo. Edah akarudi kwa cherehani. Makokha alikuwa sebuleni kwenye simu na mkewe, Phanice, akihesabu simiti. Kelele zilipozidi, Edah alifungua dirisha akafoka, "Nyamaza wewe! Kwani unachinjwa?" Akalifunga tena, akamalizia mkono wa sare.

Radi ilipiga upande wa Mlima Elgon. Alimkumbuka baba yake, akachukua koti ampelekee kibarazani.

Kiti kilikuwa kitupu. Fimbo haikuwepo. Geti lilikuwa wazi, pengo la mtu mmoja.

"Makokha!" Edah aliita, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Walikimbia mpaka kwa watu wa bodaboda pale njia panda. Hakuna aliyemwona. Walirudi mbio, na jirani akatokea kwenye geti lake, ushungi ukiwa haujakaa vizuri. Huyu alikuwa Arafa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shafi.

"Edah, kuna nini?"

"Baba ametoka! Umemwona akipita?"

"Sijamwona, nilikuwa naswali. Lakini mbwa yenu iko wapi?"

"Tumemfunga."

"Mumeifunga?" Arafa alishika kiuno. "Sasa nani anamrudisha mzee?"

"Kumrudisha vipi?"

"Si mimi hiyo mbwa naiangalia kila siku, maana sitaki inilambe nikienda kuswali," Arafa alisema. "Kila siku mzee akifika kwa geti, hiyo mbwa inamzunguka, inamgusa kisigino, mzee anageuka anarudi. Wewe ukiwa kwa cherehani huoni. Juzi alikuwa ameshatoka, amefika kwa barabara, na lori lile la mahindi linakuja. Ndio ikamuuma ya nguvu."

Edah akashika ukuta wa mabati.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Nilidhani ni nyinyi mumeifundisha."

Ee Mungu wangu. Mnyama amefanya kazi ya mtu miezi hii yote, na malipo yake ni mnyororo. Edah hakuwa na muda wa kulia. Nyuma ya nyumba za Kibomet kuna shamba kubwa la mahindi linaloteremka mpaka mtoni, na mahindi ya Julai yalikuwa yameshatoa ndevu, yamempita mtu kimo. Pale yalipoanzia, Makokha aliinama akaokota kofia. Ilikuwa ya Mzee.

"Ameenda kunywesha ng'ombe," Edah alisema. Mto ulikuwa umejaa tangu wiki iliyopita, na wote watatu walilijua hilo.

Alirudi mbio akamfungua Tofi. Mnyororo ulikuwa umemchubua shingo. "Enda! Tafuta Mzee!" alimwambia.

Makokha alikuwa ameingia shambani upande wa kushoto, Arafa kulia, kila mmoja akiita. Edah akashika katikati. Hapo ndipo Tofi alipowavunja moyo. Hakwenda mtoni hata kidogo. Alimkimbilia Makokha akamdonoa kisigino, akamfukuza mpaka akatoka nje ya mahindi akitukana. Akapinda, akamwendea Arafa, naye akapiga kelele na kukusanya buibui lake, "Nitoleeni! Nitoleeni hii kitu!" Akarudi kwa Edah, akamzunguka na kumbwekea. Walipojaribu tena kutawanyika, akawarudisha tena. Dakika zilikuwa zinapotea, matone makubwa yameanza kuanguka, na kile kijibwa kinawapeleka huku na huku kama wendawazimu.

"Naiua leo," Makokha alisema, akaokota gongo la mti. Soksi yake ilikuwa na damu.

Tofi alisimama mbele yake bila kukimbia. Alimtazama Makokha, akamtazama Arafa, akamtazama Edah. Halafu akaanza tena kuwatazama, yule, yule na yule. Edah aliyaona macho yale, na kuku wa kona ya tangi wakamjia akilini, na watoto wa sare wamesimama gwaride.

"Weka gongo chini," alisema. "Njooni hapa. Tusimame pamoja."

"Nini?"

"Tusimame! Sisi ndio tunampotezea kazi. Akiona tumetawanyika anatukusanya sisi kwanza. Tukikaa pamoja atajua nani hayuko."

"Edah, una akili kweli? Baba anaenda mtoni na wewe unataka tusimame kama watu wa kupigwa picha?"

"Simama, Makokha."

"Akifa ni juu yako."

"Iwe juu yangu!" Alilisema kwa sauti ambayo hata mama yao hakuwahi kuisikia. "Nimemfunga mimi. Iwe juu yangu mimi."

Arafa alikuja wa kwanza. Alimsogelea Edah mpaka mabega yakagusana, akiwa amekunja nguo mbali na mbwa, midomo ikicheza dua. Kisha Makokha akaangusha gongo, akaja.

Tofi akawazunguka taratibu. Akakaa. Mvua sasa ilikuwa inamwagika na manyoya yake yamelala mwilini, mbwa mzima amebaki masikio tu. Akawatazama mmoja mmoja. Akainuka, akalia kidogo, akazunguka tena, pua ikielekea mahindini. Kisha akachomoka. Mahindi yakamfunika mara moja.

Wakangoja. Kusimama tu, baba yako akiwa huko, mvua ikigonga majani na mto ukinguruma chini! Edah alitamani kupiga mayowe. Makokha alipiga hatua moja, na Edah akamkamata shati kwa mikono miwili. Hakuliachilia. Shati likapasuka kwapani, na bado hakuliachilia.

Mbali, chini kabisa, mbwa akabweka. Akabweka tena kwa hasira. Halafu kimya.

"Yesu," Makokha alisema polepole. Alikuwa analia, wala hakujifuta.

Ndipo vichwa vya mahindi vikaanza kutikisika. Vilitikisika huku, vikatikisika kule, ule mwendo wa kuzungukazunguka, na vikaja vinapanda. Sauti ya mtu ikasikika ikigomba kwa Kibukusu. Mzee Wekoye akatokea mahindini, tope mpaka magotini, suruali imelowa mpaka kiunoni, fimbo begani. Nyuma yake Tofi, anamgusa kisigino cha kulia, anamgusa cha kushoto.

Mzee alisimama mbele yao. Akanyoosha fimbo, akamwelekezea Edah, akamwelekezea Arafa, kisha Makokha.

"Zote ziko," alisema. "Hii mbwa ni ya nani? Inajua kazi, bana."

Walimpeleka nyumbani, wakambadilisha nguo, wakamnywesha chai ya tangawizi. Arafa alienda kwake kubadilisha nguo, akarudi na mifupa kwenye sahani. Akaisukuma kwa mguu kwa mbali, "Kula, lakini usinikaribie." Makokha alikosha kisigino chake kwa sabuni. Habari ya kile chumba hakuigusa. Edah naye hakuuliza, aliogopa jibu.

Jioni mvua ilipopungua, Makokha alichukua funguo za gari. Hakuwahi kulala hapo hata siku moja tangu baba yao aje. Kazi, alisema siku zote, duka. Aliaga akiwa ameinamisha kichwa, akashuka ngazi.

Tofi alikuwa getini. Alipomwona akaanza kumzunguka.

"Toka, wewe." Makokha akapita kushoto, akazibwa. Akapita kulia, mguu wa suruali ukashikwa. "Edah, ita mbwa yako!"

Edah alifungua mdomo aite. Lakini Mzee, kibarazani ndani ya blanketi, alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama yule mtu mzima kwenye manyunyu kwa muda mrefu, paji la uso limekunjamana.

"Makokha," alisema.

Makokha akageuka. Tangu Pasaka hakuwa amelisikia jina lake kinywani mwa baba yake.

"Makokha, kwani unaenda wapi? Rudi ndani. Hata wewe hiyo mbwa imekuhesabu."

Funguo zilining'inia mkononi mwa Makokha. Mwisho akatoa simu.

"Phanice," alisema, "leo sikuji. Niko kwa baba."

Akapanda ngazi akaketi sakafuni, karibu na kiti cha Mzee. Tofi alimfuata mpaka hapo, akahakikisha amekaa, kisha akarudi kulala getini.