Kigingi Kisisogee

Mlango wa jikoni ulikwaruza sakafu, kwaruu, kabla jogoo hajawika. Nilijua ni binti yangu Lucy anatoka kwenda kuwasha moto. Nilijua pia kwamba ameusukuma kwa bega, maana kwa mkono peke yake ulikuwa haufunguki tena.

Mwezi wa tisa mlango ule ulifunguka kwa kidole. Ulipoanza kukwama tulimwita fundi, akaupiga randa kwa chini, ukakaa sawa wiki tatu. Ukakwama tena, akaja tena. Mara ya tatu alicheka akasema, "Bibi, nikiendelea kuukata hivi utabaki na dirisha." Hakutaka malipo siku hiyo. Alikunywa chai, akaenda zake.

Asubuhi ile, nilipousikia, nilikuwa macho tangu zamani. Mjukuu wangu Irene alilala kifuani kwangu, mguu wake mmoja juu ya tumbo langu, na mimi sikugeuka nisije nikamwamsha. Lakini moyo haukutulia. Kulikuwa na neno moja lililonizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa ndani ya chandarua. Neno lenyewe ni "vyenyewe".

Nieleze lilikotoka.

Mwezi wa saba alikuja hapa Kinole msichana anaitwa Hidaya. Anaishi Mazimbu, kule mjini, anasomea habari za ardhi na mvua. Siku ya kwanza alinikuta napanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Kabla hajasema ametoka wapi aliipokea ile ndoo, akaibeba mpaka nyumbani, maji yakimmwagikia mgongoni kwa kuwa hajazoea. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu yetu ni ya udongo. Nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Alikuwa anatafuta nyufa. Nasi ufa tulikuwa nao, juu ya nyumba, umekata shamba la migomba kutoka upande huu mpaka ule. Ulikuwa mwembamba, unaingia kidole. Lucy alikuwa akiuziba kwa majani makavu ya migomba ili kuku wasipoteze vifaranga humo. Hidaya alipiga magoti akauangalia muda mrefu. Alitueleza kwamba mvua ya mwaka mzima inaweza kuwa ileile tuliyoizoea, ila siku hizi inamwagika kwa siku chache, nyingi kwa pamoja. Udongo unakunywa mpaka unalewa, unakuwa mzito, halafu chini yake kuna mwamba unaoteleza.

"Sasa mlima unahama?" Lucy aliuliza.

"Ndicho ninachotaka kujua, dada. Sehemu nyingine umetulia kabisa. Sehemu nyingine unasogea polepole, mtu haoni kwa macho."

Akapigilia vigingi viwili vya mti vyenye misumari kichwani, kimoja juu ya ufa na kimoja chini yake. Akavuta utepe wa kupimia kati ya misumari, akaandika. Kisha akanishika mikono yote miwili.

"Bibi, hivi vigingi nakuachia wewe. Hakikisha visisogee."

"Havitasogea, mwanangu," nikasema.

Sasa kile cha chini kilikuwa kimewekwa pabaya, na yeye hakujua. Kilisimama karibu sana na mpaka wangu na wifi yangu Eufrazia, dada wa marehemu mume wangu. Mpaka huo aliuweka mama yangu. Ukisimama kwenye mdalasini mkubwa ukatazama jiwe jeupe lililo ng'ambo, mstari wa macho yako ndio mpaka, unashuka mshazari ukiiacha nyumba yangu upande wetu. Juu ya mstari ni ardhi ya ukoo wetu, tuliyoipata kwa mama, na mama kwa mama yake. Chini ni kwake Eufrazia. Mtu akisogeza mpaka huku kwetu, hata kwenye mazishi yake watu huja kwa kuburuta miguu.

Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, vuli ilipoanza, Eufrazia alinikuta napalilia magimbi. Ni mrefu, mkavu, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Wifi, naona shamba lako limeota miguu," akasema. "Linakuja kwangu kuomba chumvi?"

Nikaenda kwenye mdalasini, nikatazama jiwe. Ni kweli. Kigingi kilikuwa kimevuka mstari, upana wa vidole vitatu, kimeingia kwake.

Nilisikia aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikafikiri ni mbuzi, au watoto, au mimi mwenyewe nimekigonga kwa jembe. Eufrazia aliposhuka nilikichomoa, nikakirudisha juu ya mstari, nikakigonga kwa jiwe kikashika. Lile shimo la zamani nililijaza kokoto nyeupe za mtoni, kwa sababu Irene hukimbia pale na angeweza kuteguka mguu.

Baada ya hapo kila mvua ilipopiga nilikwenda kutazama. Nilikirudisha tena mara tatu. Kila mara nilijaza shimo kokoto, na kila mara nilijiona mwaminifu. Si nilipewa kazi nikilinde?

Hidaya alikuwa amesema atarudi na utepe wake mvua zikikolea. Siku ya Alhamisi, wiki ile ninayoieleza, alikuja akapima, akapima tena, akainuka anacheka.

"Bibi, havijasogea! Ufa umepanuka kidogo kwa juu, lakini nadhani ni maji yamekula kingo zake. Jumamosi kwenye mkutano wa kijiji tunasoma majina ya nyumba zinazotakiwa kuhama kabla ya masika. Yenu naitoa."

Lucy aliruka. Kwa mwezi mzima alikuwa amefunga nguo za watoto kwenye khanga, na hana pa kwenda, mumewe yuko Mikumi kwenye kibarua cha barabara. Alizifungua nguo palepale, akazirudisha kwenye kamba za chumbani huku akiimba. Nami nilifurahi. Nilimfungashia Hidaya fenesi. Akiwa anapanda pikipiki alisema, "Ahsante kwa kuvitunza, bibi. Vingetembea vyenyewe ningejua tu kwamba kilima kinatembea."

Pikipiki ikaondoka. Mimi nikabaki nimesimama.

Vyenyewe.

Nilitaka kumwita, lakini nyuma yangu Lucy alikuwa anaimba. Nikajiambia labda ni mbuzi kweli. Nikala, nikasali rozari, nikalala, sikulala. Na alfajiri ndipo ule mlango ukakwaruza, nikaelewa kwamba mbuzi wanaweza kusogeza kigingi lakini hawawezi kupinda nyumba.

Niliuondoa mguu wa Irene taratibu, nikachukua simu yangu ya tochi, nikapanda mpaka kwenye jiwe la juu ambako mtandao unashika. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nikakosea kubonyeza mara mbili.

"Shikamoo, bibi! Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekukosea."

"Umenikosea nini?"

"Kile kigingi cha chini. Kilikuwa kinasogea. Mimi nilikuwa nakirudisha."

Nilisikia maji ya bomba yanatiririka upande wake, kisha akayafunga.

"Mara ngapi, bibi?"

"Mara nne."

"Ukakirudisha mara zote nne?"

"Si ulisema visisogee?"

Akavuta pumzi ndefu. Nikangoja anigombeze, na ningestahili.

"Nilisema hivyo," akasema. "Nilisema hivyohivyo. Bibi, usikiguse tena. Nakuja sasa hivi."

Alifika saa tano, tope mpaka magotini, maana pikipiki ilikwama na yeye akaja kwa miguu. Nilikuwa nimeshamwambia Lucy. Lucy alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta mchele uliokwisha kuwa safi. Eufrazia naye alipotuona tumekusanyika shambani hakuweza kukaa kwake.

"Sasa tatizo ni kwamba sijui kilitembea kiasi gani," Hidaya alisema. Alikuwa karibu kulia. "Miezi yote hiyo imefutika."

"Haijafutika," nikamwambia. "Mashimo yapo."

Nikafukua majani. Kokoto nyeupe zikaonekana kwenye udongo mwekundu, duara moja chini ya jingine, manne, zikiteremka kuelekea kwa Eufrazia.

"Nani aliweka kokoto hizi?"

"Mimi. Mtoto asiteguke mguu."

Hidaya alinitazama, kisha akalala kifudifudi kwenye matope na utepe wake. Tukafunga kamba kutoka kwenye mdalasini mpaka kwenye jiwe ili mstari uonekane. Alipima kutoka kwenye kamba mpaka shimo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilimweleza kila shimo ni la lini. Moja nililikumbuka kwa sababu lilikuwa la kesho yake ya Watakatifu Wote, jingine la siku Irene alipotoka jino. Aliyaandika yote, hata la jino.

Kisha akakaa kitako.

"Mwanzoni shamba lilitembea vidole vitatu kwa miezi mitatu," alisema polepole. "Halafu vidole vitatu kwa mwezi. Halafu kiganja kwa wiki mbili. Hizi siku kumi za mwisho ni shibiri nzima. Dada Lucy, msingoje masika. Hameni leo."

"Jana salama, leo hameni," Lucy akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo ilinitisha, maana Lucy akikasirika hupaza. "Kesho utasema nini? Nimeshazitundika nguo."

"Jana nilikosea, dada."

"Tulikosea," nikasema.

"Na niende wapi? Na watoto wawili na mama mzee? Niambie. Kwenye hayo maandishi yako kuna nyumba?"

Hidaya aliinamisha kichwa, akafuta tope kwenye utepe kwa upindo wa ushungi wake.

Eufrazia alikohoa. "Chumba cha mwanangu Fidelis kipo," akasema. "Yeye amezamia Dar, hata Pasaka haji. Nimeweka humo ndizi za kuiva. Nitazitoa."

Sote tukamgeukia. Nyumba yake iko ng'ambo ya kijito, juu ya mwamba mtupu.

"Msiniangalie hivyo kama mmeona kima amevaa gauni. Twendeni tubebe vitu, mvua inakuja."

Tulibeba mpaka jioni. Hidaya alibeba kitanda na Lucy, yeye mbele. Katika safari moja, mimi na wifi yangu tukiwa tumeshika sufuria kubwa huku na huku, aliniuliza bila kunitazama.

"Ulikuwa unakirudisha ili mimi nisiseme?"

"Ndiyo."

"Yuliana, mimi nilikuwa nasema ili ucheke tu."

Sufuria lilikuwa zito, na niliona amelishika upande wenye masizi.

Zilipita siku kumi na moja. Lucy alizihesabu kwa hasira, kila siku akienda kutazama nyumba yetu imesimama, akirudi ananuna. Siku ya kumi na mbili, baada ya mvua ya siku tatu bila kupumzika, saa saba mchana tukiwa tunakula, sahani zilitikisika mezani. Nje kulisikika kama lori linamwaga mawe. Lucy alimkumbatia Irene kwa mkono mmoja na mtoto mdogo kwa mkono mwingine, akawabana hivyo mpaka wakalia wote, na hata walipolia hakuwaachia.

Jiko lilikwenda lote, na chumba nilichokuwa nalala. Migomba ilisimama wima imehama mahali. Mdalasini wa mama ulibaki ulipokuwa, na jiwe vilevile.

Mlango wa jikoni tuliukuta umesimama kwenye tope katikati ya magimbi ya Eufrazia, komeo lingali mahali pake. Wifi yangu aliutazama, akaweka mikono kiunoni.

"Wifi, sasa hapa umenivamia kweli," akasema. Tukacheka mpaka machozi, na machozi hayakuwa yote ya kicheko.

Hidaya alikuja kesho yake na wenzake, wakapima kila kitu. Majina matano zaidi yaliongezwa kwenye ile orodha, majirani walio chini ya ufa huohuo. Wanne wameshahama. Wa tano anasema mlango wake bado unafunguka vizuri, na Lucy ndiye anayekwenda kumbembeleza kila asubuhi.

Mimi bado naamka kabla ya jogoo. Nangoja lile kwaruu, halisikiki, na hapo usingizi unaniruka kabisa. Mlango wa Eufrazia hauna sauti.

Wakati wa kuagana, siku ile walipomaliza kupima, Hidaya alivaa viatu vyake kizingitini. Alisema huenda asirudi karibuni, kwa kuwa hapa sasa hakuna kilichobaki cha kupima, anahamia milima ya upande wa Matombo. Eufrazia alimwekea mkungu mdogo wa ndizi begani, zile zilizotolewa chumbani kwa Fidelis, akamrekebishia ushungi uliokuwa umelala vibaya.

"Uje tena, mwanangu," akamwambia. "Uje hata kama hakuna kinachosogea."