Kupangusa Tu

Garsen ya miaka ile, mtu mwenye saa ama alikuwa na mkanda wa Buya mkononi, ama saa yake alikuwa ameitia mfukoni. Mikanda iliyokuja na saa kutoka dukani haikuwa ya huku kwetu. Jasho la kiangazi likiingia, na mvuke wa Tana ukaja juu yake, mkanda ulivimba, ukanuka, ukakatika bwana akiwa juu ya pantoni katikati ya mto, saa ikaenda kuwahesabia mamba. Mkanda wa Buya ulidumu. Ushonaji wa ngozi alijifunzia jeshini wakati wa vita, kwenye hatamu za nyumbu na mishipi ya askari, na aliporudi akafungua kibanda karibu na kivuko. Alishona makubadhi na ala za visu pia, lakini mikanda ya saa ndiyo iliyompa jina. Kwa mshono, asikuambie mtu, Buya alitia fora.

Ila alikuwa na mdomo. Si mdomo wa matusi, ni ule wa mtu anayesifiwa mchana kutwa mpaka akasahau kwamba nyumba ina watu wawili.

Maana mkanda haukuishia kwenye mshono. Buya aligundisha ngozi mbili, ya ng'ombe juu na ya mbuzi chini, akazishona, akakata uzi kwa meno, akautupa mkanda mkekani kwa mkewe, Mwanahamisi. Hapo kingo zilikuwa bado mbichi, zina nyuzinyuzi, na mstari wa gundi unaonekana kati ya ngozi na ngozi. Mwanahamisi alizisugua kwa jani kavu la msasa, akazipaka kitu kutoka kwenye kibuyu kidogo, akaugusisha ukingo mdomoni, akangoja, akaugusisha tena, kisha akausugua kwa kokoto nyeusi aliyorithi kwa nyanya yake mfinyanzi, kokoto iliyolainisha vyungu kabla yeye hajazaliwa. Mwisho kabisa akaja na nta ya nyuki na kipande cha kanga kuukuu. Mkanda ukitoka hapo huoni ngozi mbili, unaona moja, na kidole kikipita ukingoni hakikwami popote.

Na wateja walirudi. Kila baada ya muda walipita kibandani mikanda yao ipakwe nta tena, na Mwanahamisi aliwauliza hali za watoto huku akiwagombeza kwa upole: ukinawa, uvue mkanda, ukilowa, usiuanike juani, upanguse kwa kitambaa kikavu uuache kivulini. Buya aliona wanavyorudi, na aliamini kwa moyo safi kwamba wanakuja kuutazama mshono wake.

Siku moja pantoni ilikawia ng'ambo na watu wakajaa kivukoni. Mwalimu Gershom, aliyefundisha shule ya misheni, aliinua mkono wake mbele ya watu na kuusifu mkanda. Mshono anaufahamu, alisema, lakini hizi kingo zinamshinda akili, Buya anazifanyaje? Watu wakageuka kumtazama fundi. Mwanahamisi naye alikuwa anapanda kutoka mtoni na ndoo ya maji kichwani.

"Kingo?" Buya akasema. "Hiyo si kazi. Mama Kassim anapangusa tu."

Watu wakacheka kidogo kwa kuwa yeye mwenyewe alicheka. Mwanahamisi akapita katikati yao ametulia kama maji mtungini, akaingia ndani, akatua ndoo.

Kesho yake alisema anakwenda Kilelengwani kumtazama mama yake. Kassim, mtoto wao, alikwisha oa na kuhamia Lamu, kwa hiyo hapakuwa na cha kumzuia. Buya alimbebea furushi hadi kwenye mtumbwi, akamwagiza salamu nyingi, hana habari. Mke alipokwisha kaa vizuri ndipo aliposema, bila hasira, kwamba kingo sasa Buya atapangusa mwenyewe. Mtumbwi ulikuwa umekwisha pinda kona ya mto pale Buya alipoyaelewa maneno yale.

Alirudi nyumbani akatazama. Kibuyu kimekwenda. Kokoto imekwenda. Majani ya msasa hayapo. Ameachiwa bonge la nta, na mkeka.

Buya alijipiga kifua. Mtu aliyeshona hatamu za nyumbu atashindwa na kupangusa? Akashona mkanda mpya wa mwalimu Gershom, maana ule wa zamani ulikuwa umechakaa tunduni, kisha akachukua kitambaa akapangusa. Nyuzinyuzi zikasimama kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Akazikwangua kwa kisu, ukingo ukaingia mabonde. Akapaka maji, ukavimba. Akapaka nta juu ya uvimbe, nta ikajikusanya vidonge vidonge na mstari wa gundi ukabaki unamchekea.

Hapo ndipo alipopita Dukicha, mfugaji wa Kiorma, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye alikuwa akivusha ng'ombe na hakosi kupita kibandani kunywa chai. Dukicha aliugeuza mkanda, akautazama kwa huruma.

"Ngozi hii iko na kiu," akasema. "Wewe pa yeye samli. Kwetu kamba yote ya ngozi nakunywa samli."

Naye hakusema uongo. Kamba za kufungia ng'ombe hupakwa samli na hudumu miaka. Lakini kamba ya ng'ombe ni ngozi moja, haina gundi, wala hailali kitandani na mtu. Buya hakulifikiria hilo. Dukicha alimwachia samli kwenye kopo, na fundi wetu akaupaka ule mkanda kama anayempaka mtoto mchanga mafuta. Kingo zikalala, zikang'aa. Alikwenda kuupeleka mwenyewe kwa mwalimu, anatembea amenyoosha shingo.

Asubuhi Gershom alikuja kibandani. Alinyoosha mkono. Mkanda wa Buya, pande zote mbili, ulikuwa umetafunwa mapengo mapengo hadi kwenye uzi, na pale ulipotafunwa ngozi mbili zilikuwa zimeachana, moja inatazama juu na nyingine chini. Panya walikuja usiku kufuata samli, mwalimu akaeleza, na alipoamka mmoja alikuwa bado mkononi, anakula kwa utulivu kabisa.

Buya aliomba radhi. Akasema atashona mwingine leo leo.

"Mshono hauna neno," Gershom akasema. "Sikuja kwa ajili ya mkanda, bwana. Nimekuja kuuliza Mama Kassim anarudi lini."

Hakuwa wa kwanza kuuliza. Karani wa pantoni alikwisha uliza, na mwadhini, na hata Dukicha alipokuwa anakunywa chai ile mbaya aliyopikiwa na mwanamume. Kila aliyekuja na mkanda alimtazama Buya, akautazama mkeka mtupu, akaondoka na mkanda wake. Ndipo alipoelewa walikuwa wanarudi kwa nani.

Na kama ingekuwa wateja peke yao, angejikaza. Lakini nyumba ilimshinda. Miaka yote hiyo alishona huku akisikia kokoto ikienda na kurudi kwenye ngozi, shwa, shwa, wala hakujua kwamba ni kwa sauti ile mkono wake ulikuwa ukipata mwendo. Sasa sindano ilimchoma. Alikula wali mkavu, akalala mapema, akaamka anataka kumwambia mtu ndoto yake na mtu hayupo. Alimpenda mkewe, jamani. Alimpenda sana, na hakumbuki lini mara ya mwisho alimwambia.

Akafunga kibanda. Alinunua sukari na doti ya kanga, kwa kuwa mtu hamfuati mke kwao akipunga mikono, akatia mfukoni mkanda mmoja ambao kingo zake hazijaguswa, akapanda mtumbwi ulioteremka kuchukua mpunga.

Kilelengwani alimkuta mama mkwe wake, Mashavu, anapepeta mchele barazani, na Mwanahamisi pembeni anasuka ukili. Mashavu alipokea sukari na kanga, akamkaribisha, akaendelea kupepeta. Hakumwuliza alichofuata. Buya alizungumza habari za mvua, akazungumza habari za viboko walioharibu mashamba, hatimaye mazungumzo yakamwishia. Akautoa ule mkanda akauweka magotini pa mkewe. Akasema amekosa. Akasema alichokiita kupangusa kimemshinda, akahadithia yote, samli na panya na mwalimu.

Ungo wa Mashavu ulisimama. Mabega ya bibi yule yakaanza kutikisika, akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Mwanahamisi hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na kibuyu na kokoto na jani la msasa, akaviweka mbele ya mumewe.

"Basi pangusa," akasema.

Buya alifungua kibuyu akanusa. Bamia. Maji ya bamia yaliyochujwa, ute mtupu, ule ule anaokula na wali tangu utotoni. Akamtazama mkewe kwa mshangao, akaanza. Alisugua kwa msasa mpaka aliporuhusiwa kuacha, akapaka ute, akashika kokoto. Mkewe akamwambia bado. Akangoja, akashika tena. Sasa umechelewa, akaambiwa, paka upya. Jua likahama kutoka kwenye miguu yake hadi ukutani, na Buya, aliyeshonea jeshi zima, alikuwa bado hajapiga kokoto hata mara moja.

"Nitajuaje?" akauliza, na safari hii aliuliza kweli.

Mwanahamisi alichukua mkanda akamgusisha ukingo kwenye mdomo wa chini. Ukiwa na maji, alimweleza, kokoto inauchubua; ukikauka, inauunguza. Kuna ubaridi kidogo wa katikati ambao kidole hakiusikii, mdomo unausikia. Miaka yote Buya alimwona akiipeleka mikanda mdomoni, akidhani ni mazoea tu. Akafumba macho. Ubaridi ule ulikuwepo, mdogo. Akaichukua kokoto, akasugua, na ngozi mbili zikaanza kushikana mbele yake mpaka mstari wa gundi ukapotea.

Haukuwa mzuri. Upande mmoja ulikuwa na wimbi. Lakini machozi yalimlenga, akasema tena kwamba alimkosea, na kwamba kazi ile ni nusu ya jina lake.

"Hapa unamwambia mama, ambaye alikuwa anajua," Mwanahamisi akajibu. "Yale mengine ulisemea wapi, Baba Kassim?"

"Kivukoni."

"Haya."

Walirudi pamoja kwa mtumbwi wa wapeleka chumvi, na kwa kuwa ni kupanda mto, Buya naye alishika pondo la kusukumia mtumbwi, viganja vikamtoka malengelenge. Walipofika Garsen pantoni ilikuwa inapakia. Watu walikuwa wengi, karani, mwadhini, Dukicha na ng'ombe wake, na mwalimu Gershom, ambaye saa yake ilikuwa imening'inia kwenye mabaki ya mkanda uliofungwa uzi. Buya akaruka ufukoni, akampa mkewe mkono. Mwanahamisi hakuupokea. Alikaa pale pale mtumbwini, furushi mapajani, anatazama mto.

Buya akaurudisha mkono wake. Akawageukia watu, akasema kwamba siku ile alisema neno hapa, na halikuwa kweli. Mkanda wa Buya unashonwa na Buya, akasema, lakini unakuwa mkanda mikononi mwa Mwanahamisi. Kingo zile ni kazi, na ni kazi kuliko yake. Yeye amejaribu, na panya wamekula.

Ng'ombe mmoja akalia.

"Ongeza sauti, mume wangu," Mwanahamisi akasema kutoka mtumbwini. "Wa ng'ambo hawakusikia."

Naye akaongeza sauti. Alisema yote upya, kwa koo la jeshini, mpaka wanawake waliokuwa wakifua ng'ambo wakasimama wima na nguo mikononi. Alipomaliza alikuwa anatweta. Akanyoosha tena mkono wenye malengelenge, na safari hii ulipokewa. Mwanahamisi akakanyaga mchanga wa Garsen, akajifunga kanga vizuri, akaenda moja kwa moja alikosimama Gershom.

"Lete mkono, mwalimu," akasema. "Nione panya amebakisha nini."