Kifundo Kipya cha Nasima

Uzi ulikatika mara ya pili, na kaka yangu Yakoub akashusha pumzi kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake.

"Yatosha, Nasima. Fungasha twende Pemba."

"Nikafanye nini kwako? Nimpepee mkeo?"

Tangu nifiwe na mume alikuwa akitafuta sababu ya kunirudisha nyumbani, na sasa mguu wangu ulikuwa umempa. Sikumtazama. Nilikuwa nautazama ule mguu wa kulia juu ya pedeli ya cherehani, sijui kama aliyekosea ni mimi au ni hicho kilichomo ndani.

Fundi anayejiheshimu haligusi gurudumu kwa mkono anapoanza kushona. Mguu wenyewe unajua: kisigino kidogo, kisha vidole, gurudumu linakuja upande wako. Ukikosea linarudi nyuma na uzi unakatika. Miaka yote pale kibarazani kwangu Usagara, Tanga, nilianza kwa mguu mtupu, na wanagenzi walioshika gurudumu niliwacheka mpaka wakanuna.

Kifundo changu cha mguu kilivunjika siku za shida, katika msukumano wa foleni ya sukari. Nilidondoka mtaroni, na sukari yenyewe nisiipate. Mfupa ukaunga kombo, kiungo kikalika, kila hatua ikawa kilio. Bibi mmoja wa Kijerumani wa Raskazone, niliyekuwa nikimshonea magauni, akanipeleka kwao Ujerumani nikawekewa kifundo bandia: chuma juu, chuma chini, plastiki katikati.

Kabla sijarudi, daktari alinikanyagisha mbele ya mashine ya picha za mifupa. Mguu ukapanda, ukashuka, nikafurahi. Kumbe! Kwenye kioo cha mashine, chuma changu kilitikisika kidogo tu. Vilivyojikunja hasa ni vijifupa vyangu vya zamani, vya mbele yake. Nikauliza: basi kilichowekwa kinafanya kazi gani? Daktari akasema maneno marefu, mkalimani akayafupisha: "Vinasaidiana. Na maumivu si yamekwisha?" Yalikwisha, wallahi. Lakini sikuelewa, na mpaka leo sielewi vizuri.

Niliporudi Tanga nikaukuta mji nao umegeuka. Maduka yaliyokuwa matupu yamejaa vitambaa, mitumba imemwagwa hadi njiani, na wateja wangu wanapita wamevaa magauni yaliyoshonwa sijui na nani. Nikikanyaga mchanga, mguu haukunijulisha kama ardhi imelala upande. Nilitembea nikiinamia chini kama mtu aliyeangusha sindano.

"Unausikia mguu?" Yakoub aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nalisikia goti. Navisikia vidole. Hapo katikati sisikii kitu."

"Basi utashonaje, weye?"

Aliuliza kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma. Sikutaka kuwa mtu wa kuletewa sahani katika nyumba ya watu. Sikutaka kabisa! Nikatunga uzi tena. Kisha nikafanya jambo nililoapa sitalifanya mbele ya mtu: nikashika gurudumu kwa mkono, kama mwanagenzi wa jana, nikalivuta kuja kwangu.

Mguu ukafuata. Ukapanda, ukashuka. Sindano ikala kitambaa, mshono ukanyooka mpaka mwisho. Aliyekanyaga ni mimi, ni chuma, au ni vile vijifupa, sikujua. Nililia tu huku nashona.

Yakoub akauchukua mshono, akauvuta kwa nguvu zote za mtu anayetaka ukatike. Haukukatika. Akauvuta tena. Kisha akavua kanzu yake palepale, akabaki na msuli na fulana, akaniwekea mapajani pindo lililofumuka.

"Fanya haraka," alisema. "Meli hainingoji. Nikifika Pemba peke yangu, na kanzu imefumuka, mke wangu atanicheka mara mbili."