Povu Lililokataa Kusogea

Mkuu wa kituo chetu cha kuchunguza anga alikuwa mtu wa kujisikia. Hata salamu yake aliitoa kama msaada.

Juu ya paa tulikuwa na kamera inayopiga picha ya anga nzima, imefunikwa kwa kuba la plastiki. Hewa ya juu kabisa hutoa mng'ao mwekundu hafifu usiku. Jicho haliuoni, kamera inauona. Mapovu ya plazma, yaani mifuko ya hewa yenye chembe chache za umeme, yakipanda humo, hutokea pichani kama michirizi myeusi inayoelea kwenda mashariki, na yakipita, mawasiliano ya redio huvurugika. Kuyafuatilia ndiyo kazi yetu.

Asubuhi moja mkuu akaingia na picha mkononi, akatangaza kwamba amegundua povu la aina mpya: kubwa, jeusi, halisogei. Mimi nimeolewa na mdogo wake, na anga nimeisomea kama yeye. Nikapitia picha zote. Doa lilikuwa palepale tangu jioni hadi alfajiri. Nikamwambia taratibu kwamba povu lisilosogea si povu, tupande tukalikague kuba.

"Shemeji," akasema, "wewe unaona doa kwa sababu umezoea kufua."

Wenzetu wanaocheka kila anachosema wakacheka.

Akaita waandishi wa habari, akawahutubia mpaka maji ya chupa yakaisha. Mtangazaji mmoja wa redio akaomba kuiona kamera yenyewe. Mkuu, ambaye hakuwahi kukanyaga lile paa, akatangulia ngazini na suti yake.

Juu ya kuba palikuwa na kinyesi cha kunguru, kimekauka, umbo lilelile la pichani, mpaka mkia wake.

Mtangazaji akauliza kwa adabu kama hilo ndilo povu. Mkuu akatazama saa, akasema mtambo umehujumiwa.

"Na nani?"

"Uchunguzi unaendelea."

Nikalifuta kuba kwa kitambaa kibichi. Wiki hiyohiyo tukapata michirizi halisi, myembamba, ikitembea mashariki kama inavyotakiwa. Hakuna mwandishi aliyekuja.

Yeye alipandishwa cheo, akahamia makao makuu kusimamia ubora wa picha za vituo vyote. Jumapili akaja kwetu kula. Mume wangu alikuwa amenisihi nisimcheke kaka yake, nami nikajikaza vizuri tu. Alipoanza kutueleza ubora ni nini, nikaenda jikoni.