Pipa la Mjomba

Ngumi ya kwanza niliyompiga mdogo wangu alasiri ile ilimwingia ubavuni, nikasikia pumzi ikimtoka kwa kishindo. Hakurudisha. Nikamwongeza ya pili ya shavuni, kwa sababu Mjomba alikuwa ameegemea kamba za ulingo akipiga kelele.

"Unampiga au unampaka mafuta?"

Watu wakacheka. Mimi nikichekwa hasira hunipanda papo hapo; sina subira, na sijawahi kudai kwamba ninayo. Ya tatu nikaitoa begani kwa uzito wangu wote. Nyusi ya mdogo wangu ikachanika, damu ikamshuka hadi kidevuni. Mjomba akasema vizuri, sasa hayo ndiyo mazoezi.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu, kwa hiyo kila mtu anamwita Kitinda, hata wapinzani wake. Jumamosi alikuwa na pambano lake la kwanza la mkanda, na bado alikuwa mzito kuliko alivyotakiwa. Mjomba ndiye kocha wetu. Ni kaka yake mama, na ndiye aliyetulea tangu baba alipofariki. Alitufundisha kurusha ngumi kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Mimi asubuhi nafanya kazi buchani, ng'ambo ya barabara, nakata mifupa kwa shoka, na jioni navaa glovu. Mikono yangu haijui kazi nyingine.

Jimu yetu ni godauni la zamani lenye paa la bati. Msimu wa joto hata mijusi huhama humo. Kuna mlango mpana wa nyuma, lakini Mjomba aliupigilia misumari kwa sababu upepo, eti, unalegeza misuli. Barafu nayo inalegeza. Kulala mchana kunalegeza. Ila hakuna kinacholegeza kama maji. Kwa hiyo pipa la maji, la bluu, lilikaa pale kando ya ulingo tukiliona sote, kifuniko chake kimefungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo ukining'inia shingoni kwa Mjomba kwenye kamba ya kiatu. Raundi ikiisha, aliyeshinda anapewa kopo moja. Aliyeshindwa anamtazama akinywa. "Maji ni ya mshindi," ndiyo sheria, na ukikamatwa umekunywa bombani kule nje utaruka kamba mpaka uyatapike.

Si kwamba Mjomba ana roho mbaya. Ujanani alikunywa maji mengi katikati ya pambano, akapigwa ya tumbo, akayatapika yote mbele ya umati, na mkanda ukaenda kwa mwingine. Tangu hapo anayachukia maji kama wengine wanavyoichukia pombe. Anatupenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Wiki ile Kitinda alikuwa akikimbia juani amevaa koti la mvua ili apungue. Jumatatu akateguka kifundo cha mguu. Nikamletea barafu ya buchani, nikamwambia alale, mguu aunyanyue juu ya mto, asikanyage nao mpaka uvimbe upungue. Mjomba akaja nyumbani, akaimwaga barafu uani, akaufunga mguu kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na kuukaza mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Asiyesikia la mkuu," akaniambia, akinikazia macho.

"Guu lenyewe limeshaharibika, Mjomba. Labda leo mkuu ndiye asikie."

Mama akanifinya mkono ninyamaze.

Basi, alasiri ile ulingoni, raundi ya kwanza ilipoisha nilipewa kopo langu kwa kuwa nimeshinda. Kitinda alinitazama nikinywa. Nilitaka kumbakizia funda moja, Mjomba akalichukua kopo na kumwaga yaliyobaki sakafuni. Kengele ikalia.

Safari hii Kitinda alinijia mbio, anachechemea, anarusha ngumi hovyo. Nikampiga ya kifua kumsimamisha, na glovu yangu ikarudi kavu. Mwanzoni alikuwa akitiririka jasho, sasa hana hata tone. Chumvi imemganda shingoni, midomo imepasuka. Mjomba naye akaona.

"Amekauka!" akapaza sauti. "Mwangalieni mwanangu, amekauka!"

Watu wote wakapiga makofi. Kwenye jimu yetu mtu akiacha kutoka jasho ni sifa kubwa: eti mwili umekomaa, umeuzoea moto. Waliowahi kukauka wanatajwa kwa heshima mpaka leo. Kwamba wengi wao walianguka muda mfupi baadaye, hilo tuliliita uchovu, tukaendelea na yetu.

Nikamkumbatia kumzuia, kama mabondia wafanyavyo wakitaka kupumua. Kichwa chake kikaniangukia begani. Kilikuwa cha moto kama pasi.

"Dada," akaninong'oneza, "funga mlango, mbuzi watatoka."

Sisi hatujawahi kufuga mbuzi. Nikashusha mikono.

"Mjomba, simamisha. Huyu hayupo hapa."

"Yupo, tena yupo sana. Endelea."

"Anaongea habari za mbuzi!"

"Na wewe unaongea habari za woga. Haya, toka. Fundi, ingia."

Fundi anachomelea mageti mtaa wa pili, mtu mpole mwenye mkono mzito. Akanitazama mimi, akamtazama Mjomba, akaingia, kwa sababu Mjomba hakuna anayemkatalia. Alimgusa Kitinda kifuani kwa ngumi ya kinyonge. Kitinda hata hakumwona. Alikuwa amegeukia pembeni, anapigana na nguzo ya chuma. Aliipiga kulia, akaipiga kushoto, kwa nguvu zote alizobakiza, glovu ikapasuka, tukasikia mfupa wa mkono ukivunjika. Hakulia. Aliendelea kuipiga nguzo kwa mkono uleule, damu ikirukia turubai, mpaka nguvu zikamwisha. Akaanguka chali na kuanza kutetemeka mwili mzima, macho meupe, povu mdomoni.

"Msimguse!" Mjomba akasema, akanyanyua mkono. "Moja. Mbili."

Nakuapia, alikuwa anamhesabia. Nilizivua glovu kwa meno nikazitupa.

"Mjomba, nipe ufunguo."

"Tatu. Atanyanyuka mwenyewe."

"Nipe ufunguo!"

"Ukimpa maji sasa, Jumamosi hana pambano. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nne."

Mjomba hapigwi. Unaweza kumnunia, unaweza kumsema pembeni, lakini mkono haumwinukii, na hakuna anayelijua hilo kuliko mimi niliyekula kwake. Nikampiga.

Ya kwanza ilimpata tumboni, akainama, lakini mzee yule ukocha hakupewa bure. Alinirudishia konde la mdomo, jino likakatika nikalimeza pamoja na damu. Akanikaba koo, akanisukuma mpaka mgongo ukagonga pipa, kidole gumba kikinitafuta jicho. "Nitakufundisha adabu," alisema, na naona machozi yalikuwa yanamtoka. Nyuma yake nilisikia visigino vya Kitinda vikigonga mbao za ulingo, haraka haraka. Nikaishika ile kamba ya shingoni, nikaivuta, kichwa kikaja mbele, nikamchapa chini ya kidevu kwa ngumi aliyonifundisha mwenyewe. Taya lilivunjika. Mlio wa mfupa nauzoea buchani, sikuhitaji kuambiwa. Akakaa chini, kamba na ufunguo vikabaki mkononi mwangu.

Nikafungua kufuli. Fundi alikuwa tayari upande wa pili wa pipa, tukalibeba, tukaliinamisha na kummwagia Kitinda. Mmoja akataka kumtia kopo mdomoni, nikamfukuza kwa matusi ambayo mama asingependa kuyasikia: mtu asiyejitambua hanyweshwi, maji yataingia mapafuni. "Mpepeeni! Vunjeni ule mlango!" Fundi akaupiga mateke mpaka misumari ikang'oka, upepo ukaingia. Wengine wakakimbilia barafu buchani, tukamwekea kwapani, shingoni, kinenani. Ule ukanda wa tyubu niliukata kwa kisu. Mguu chini yake ulikuwa wa zambarau.

Gari la nyama la buchani ndilo lililotupeleka hospitali, Kitinda amelala juu ya barafu mahali ambapo asubuhi walilala ng'ombe. Mjomba alipanda mbele, ameshika taya lake kwa mikono miwili. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza.

Mama alipofika alinizaba kofi kwa ajili ya kaka yake, halafu akanikumbatia kwa ajili ya mwanawe, yote mawili mbele ya manesi. Daktari akatuambia kwamba tungechelewa kidogo tungekuwa tunapanga mazishi. Figo zimeumia, mkono umevunjika, na mambo ya ngumi Kitinda ayasahau kwa muda mrefu, pengine kabisa.

Kesho yake asubuhi akafumbua macho. Akaniangalia kwanza mimi.

"Dada, jino umempa nani?"

Nikacheka, na kucheka kukaniuma. Nesi akaleta kikombe cha maji yenye chumvi na sukari, akamwambia anywe kidogo kidogo. Kitinda akakipokea kwa mkono mzima. Ulimi ulikuwa umemvimba, midomo imebabuka, na ungemwona alivyoyatazama yale maji ungejua kwamba hakuna kingine anachokitaka duniani. Hakunywa. Akainua macho akamtazama Mjomba.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani, kichwa kimefungwa bendeji kutoka kidevuni hadi utosini, hawezi kutamka neno.

"Kunywa," nikamwambia.

Kitinda hakunisikiliza. "Mjomba," akasema kwa upole, kama mtoto aliyevunja sahani, "ile raundi ya mwisho si nilishindwa?"

Hapo nilitamani kumvunja Mjomba taya mara ya pili, nikatamani kulia, na nikalia. Mama akageukia dirishani.

Mjomba akainuka. Akakichukua kile kikombe mkononi mwa Kitinda, nami nikasimama, ngumi tayari nimeshaikunja. Lakini alikipeleka mdomoni mwake mwenyewe. Taya halikufunguka. Maji yakamchuruzika kwenye bendeji, yakamlowanisha kifua, akaguna kwa maumivu, na bado akalazimisha funda moja lipite, yeye aliyeshindwa, mbele yetu sote, huku naye machozi yanamtiririka. Kisha akampa Kitinda kikombe.

Kitinda akanywa mpaka tone la mwisho, akaomba kingine. Mjomba ndiye aliyekwenda kukileta.